Jina la Livingstone

Mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, alikuwa na majina mawili, na kila jina lilikuwa na karatasi yake. Cheti cha ubatizo, kilichoandikwa katika misheni moja ya Kiprotestanti kando ya Ziwa Moero, kilimwita Livingstone. Kitambulisho alichopata baada ya mwaka 1972, serikali ya Zaire ilipofuta majina ya Kikristo na kutaka kila raia arudi kwenye majina ya mababu, kilimwita kwa jina la babu yake tu. Alipofariki hapa Lubumbashi, familia iligombana kwa sababu ya msalaba. Wazee wa kanisa walitaka jina la ubatizo. Wajomba wengine walisema hawatamzika ndugu yao chini ya jina la Mzungu. Tukamzika chini ya msalaba wa mbao wenye tarehe mbili tu, na shauri la jina likaahirishwa hadi siku ya kuondoa matanga, kaburi litakapojengwa.

Siku ile mjomba mmoja alinigeukia. Wewe unasoma lugha pale kitivoni, akasema, basi tuambie jina hili lina maana gani. Sikuwa na jibu. Nilijua tu kwamba kwa Kiingereza linasikika kama jiwe lililo hai, na hata hilo, kama nilivyogundua baadaye, si kweli.

Makala haya ndiyo jibu nililolitafuta. Ni maisha ya David Livingstone, lakini nimeyafuata kwa njia ya jina lake, tangu kabla hajazaliwa hadi lilipofika kwenye cheti cha mjomba wangu.

Tuanze na neno lenyewe. Kusini mwa Uskoti, magharibi ya Edinburgh, kuna mji unaoitwa Livingston. Katika karne ya 12, enzi za Mfalme David wa Kwanza, mtu aitwaye Leving alikaa mahali hapo. Hati za Kilatini ziliyaita makao yake Villa Leving. Watu waliosema lugha ya jamii ya Kiingereza walitumia neno lao, tun, lililomaanisha boma au makazi yenye uzio. Boma la Leving likawa Levingstoun, kisha Livingston. Kwa hiyo ndani ya jina hili hamna jiwe wala uhai. Wasemaji walipomsahau Leving, masikio yao yalisikia maneno waliyoyajua tayari, na maandishi yakafuata masikio. Katika somo la asili ya maneno tunaonywa kila mwaka juu ya mtego huu; hapa nimeukuta ukiwa umewanasa watu wenye lugha yao wenyewe.

Kutoka mahali hapo ulitokea ukoo wa mabwana wakubwa. Katika karne ya 15, Sir Alexander Livingston wa Callendar alimshika mkononi mfalme mtoto, James wa Pili, na kwa muda akaitawala nchi kwa njia hiyo. Mwaka 1548, Mary Livingston alikuwa mmoja wa wasichana wanne, wote wakiitwa Mary, waliosafiri hadi Ufaransa pamoja na Malkia Mary Stuart akiwa bado mtoto. Mwaka 1600 ukoo ukapata cheo cha Earl wa Linlithgow, na baada ya uasi wa mwaka 1715 ukapoteza cheo na mashamba kwa kuwaunga mkono wafalme wa nyumba ya Stuart.

Mtu anayesoma mpaka hapo atadhani David Livingstone alikuwa mjukuu wa mabwana hao. Sivyo. Jamaa zake walitoka kisiwa kidogo cha Ulva, kando ya kisiwa cha Mull, pwani ya magharibi ya Uskoti. Huko watu hawakusema Kiingereza. Walisema Kigaeli, lugha ya mbali kabisa na Kiingereza, na Walivingstone wa upande huo hapo awali hawakuitwa Livingstone.

Jina lao la zamani liliandikwa MacLea au MacLeay. Mac ni mwana wa, kama sisi tunavyosema mwana wa fulani. Juu ya sehemu ya pili wataalamu hawapatani. Wengine wanasoma Mac an Lèigh, yaani mwana wa mganga. Wengine wanaona humo jina la mtu wa kale, Donnshlèibhe, lililofupishwa na vinywa vya vizazi vingi. Katika kisiwa cha Lismore, familia ya jina hilo ilikabidhiwa fimbo ya Mtakatifu Moluag, mmisionari wa karne ya 6, na kwa sababu ya fimbo hiyo ilishika kipande cha ardhi kizazi hadi kizazi. Nao leo wanaitwa Livingstone.

MacLea aligeukaje kuwa Livingstone? Si kwa sheria ya sauti. Hakuna kanuni ya fonolojia inayoweza kulitoa neno moja katika jingine. Ni badiliko la utawala. Kuanzia karne ya 17, watu wa milimani na visiwani waliohitaji karatasi kwa makabaila, kwa mahakama na kwa kanisa walianza kujiandika kwa majina ya kusini yaliyokuwa na heshima na ambayo karani aliweza kuyaandika. Nyumbani waliendelea kuitana kwa Kigaeli. Kwa hiyo kila mtu alikuwa na majina mawili, moja la kinywani na moja la karatasini, na polepole la karatasini likashinda. Niliposoma hayo nilimkumbuka mjomba.

Ushindi huo ulisukumwa na vita. Tarehe 16 Aprili 1746, kwenye uwanja wa Culloden, jeshi la wafuasi wa Stuart lilivunjwa na jeshi la serikali. Babu wa baba yake David alikuwa miongoni mwa waliokufa siku hiyo, upande wa walioshindwa. Baada ya hapo watu wa milimani walinyang'anywa silaha, na mavazi yao ya asili yakapigwa marufuku kwa sheria. Mwana wa marehemu alilima kipande chake kule Ulva mpaka kikashindwa kuwalisha watoto wake. Mwaka 1792 hivi alihamia Blantyre, karibu na Glasgow, palipokuwa na kiwanda cha nyuzi za pamba. Yeye ndiye babu yake David. Aliweza kusimulia maisha ya wahenga wake hadi kizazi cha sita, na mkewe aliimba nyimbo za Kigaeli ambazo aliamini nyingine zilitungwa na watu wa visiwani waliokuwa mateka kwa Waturuki. Kulikuwa na hadithi moja nyumbani: mhenga mmoja, akiwa karibu kufa, aliwaita watoto wake akawaambia kwamba amechunguza habari zote za ukoo na hakupata hata mtu mmoja asiye mwaminifu, basi mtoto atakayekuwa mdanganyifu asidai kwamba amerithi.

David alizaliwa Blantyre tarehe 19 Machi 1813, katika chumba kimoja cha nyumba ya wafanyakazi wa kiwanda. Baba yake, Neil, alikuwa mchuuzi wa chai na mtu wa dini. Neil aliliona jina refu mno akaikata herufi ya mwisho, e. Ndiyo maana barua za ujana za David zimetiwa sahihi ya Livingston, bila e. Herufi hiyo ilirudi katika miaka ya 1850, na kwa tahajia hiyo jina likaenea duniani. Ukoo uliokuwa umepoteza jina zima la Kigaeli ulikuja kubishania herufi moja.

Akiwa na miaka 10, David aliingia kiwandani. Kazi yake ilikuwa kuunganisha nyuzi zilizokatika kwenye mashine, tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku. Kwa sehemu ya mshahara wa kwanza alinunua kitabu cha sarufi ya Kilatini, na alikiegemeza kwenye mashine ili asome sentensi moja kila alipopita. Mwaka 1836 alianza masomo ya uganga na Kigiriki mjini Glasgow. Novemba 1840 alipata leseni ya udaktari, akawekewa mikono kuwa mchungaji, na mwezi uliofuata akapanda meli kwenda Afrika ya Kusini kwa jina la Chama cha Misheni cha London. Kama Mac an Lèigh ndiyo asili ya jina lake, basi alikuwa amerudia kazi ya jina hilo bila kulibeba.

Huko Kuruman alijifunza Kitswana, lugha ambamo mganga huitwa ngaka. Alijifunza kwa kukaa miezi mbali na Wazungu wenzake. Baadaye alitunga uchambuzi wa lugha ya Watswana, uliochapwa mwaka 1858, kazi ambayo sisi wa kitivo cha lugha tungepaswa kuijua zaidi kuliko ile habari ya simba aliyemvunja mkono wa kushoto mwaka 1844. Mwaka 1845 alimwoa Mary, binti wa Robert Moffat, Mskoti mwingine ambaye jina lake pia ni la mji.

Kama mhubiri hakuvuna mengi. Nguvu yake ilikuwa miguuni. Pamoja na Wakololo aliopewa na mfalme wao Sekeletu, alitembea hadi Luanda, akafika tarehe 31 Mei 1854, kisha akarudi na kuvuka bara mpaka Quelimane kwenye Bahari ya Hindi, Mei 1856. Bila watu hao, chakula chao na lugha zao, asingefika popote. Katikati ya safari hiyo, Novemba 1855, walimpeleka kuona maporomoko ya Mto Zambezi. Wao waliyaita Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma. Yeye aliandika jina la malkia wake, Victoria. Mjukuu wa watu waliofunikwa jina na makarani alishika kalamu, naye akafunika. Simwandikii hilo ili kumchafua. Jina la zamani alilihifadhi kitabuni mwake, na wengi waliokuja baada yake hawakufanya hata hivyo. Lakini nilipofika hapo nilielewa hasira ya wajomba zangu kuliko nilivyoielewa siku ya mazishi.

Safari yake ya pili, 1858 hadi 1864, ilikuwa ya serikali, nayo ilileta vifo vingi. Mary mwenyewe alifia Shupanga, kando ya Zambezi, tarehe 27 Aprili 1862. Mwaka 1866 akaanza safari ya tatu kutoka Zanzibar, akitafuta chemchemi za Nile. Novemba 1867 alifika Ziwa Moero, ziwa la mjomba wangu. Mwaka uliofuata aliona Bangweulu. Alivuka Tanganyika akaingia Maniema, na mwisho wa Machi 1871 akafika Nyangwe, kando ya Mto Lualaba. Alisafiri akitegemea misafara ya wafanyabiashara wa pwani, na biashara yao ilikuwa ile ile aliyoichukia. Tarehe 15 Julai 1871, mbele ya macho yake, watu wa misafara hiyo waliwafyatulia risasi wanawake na wanaume waliokuja sokoni, na mamia wakauawa au kuzama mtoni. Habari aliyoandika juu ya siku hiyo ilisomwa Uingereza na kuongeza shinikizo dhidi ya biashara ya watumwa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa Juni 1873, mwezi mmoja baada ya kifo chake.

Novemba 1871 Henry Morton Stanley alimkuta Ujiji. Stanley naye hakuwa Stanley. Alizaliwa Wales kwa jina la John Rowlands, akachukua jina la mfanyabiashara mmoja huko Marekani. Watu wawili waliokutana pale chini ya mwembe, ambao majina yao yangeandikwa kwenye ramani yetu yote, kila mmoja alivaa jina lililotoka kwa watu wengine.

Livingstone alikataa kurudi Ulaya. Mpango wake wa mwisho, aliouandika mwaka 1872, ulikuwa kuzunguka Bangweulu kwa kusini, kutafuta chemchemi, kisha kufika Katanga kuona machimbo ya shaba aliyokuwa akisikia habari zake njia nzima. Hakufika. Alifia katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, siku ya kwanza ya Mei 1873. Alikufa akiwa njiani kuja kwetu.

Watu wake walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba hadi Bagamoyo, ulikofika Februari 1874. Aliyechonga jina kwenye gome la mti ule ni Jacob Wainwright, Myao aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa India, ambako alipewa jina la Kiingereza lenye maana ya fundi wa mikokoteni. Yeye alihudhuria mazishi katika Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili 1874. Susi na Chuma, waliomtumikia miaka mingi zaidi, walifika Uingereza baada ya mazishi kwisha, na kumbukumbu zao zikasaidia kutayarisha kitabu cha safari zake za mwisho.

Baada ya hapo jina lilitembea peke yake. Stanley aliposhuka Lualaba hadi baharini mwaka 1877, aliuita mto wote Livingstone. Jina hilo halikushika, ila maporomoko yaliyo kati ya Kinshasa na Matadi bado yanaitwa hivyo, ingawa Livingstone hakuyaona na alifikiri mto ule ni Nile. Zambia ina mji wa Livingstone, Malawi ina Blantyre, Tanzania ina milima ya Livingstone. Wazambia walimpa pia jina lao, Munali, nalo limebaki kwenye vilima na kwenye shule.

Kwetu Katanga jina liliingia kwa mlango mwingine. Frederick Stanley Arnot, aliyezaliwa Glasgow mwaka 1858, alikulia kwa muda katika mji wa Hamilton, ilikokaa familia ya Livingstone, akacheza na watoto wa nyumba hiyo na kusikia habari za baba yao. Februari 1886 alifika Bunkeya kwa Msiri, mfalme wa Wayeke, ambaye watu wake humwita Mushidi. Makarani wa Ulaya nao waliliandika jina lile jinsi walivyolisikia. Baada ya Arnot alikuja Mskoti mwingine, Dan Crawford, aliyemwona Msiri kabla hajauawa tarehe 20 Desemba 1891, kisha akajenga misheni ya Luanza kando ya Ziwa Moero, ambako aliishi hadi alipofariki mwaka 1926. Katika misheni za ziwa lile watoto walibatizwa majina ya Biblia, na pengine majina ya watu ambao wamisionari waliwaheshimu. Mmoja wa watoto hao, miaka mingi baada ya Crawford, alikuwa mjomba wangu.

Mji wetu wenyewe unaijua safari hii. Ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la malkia wa Ubelgiji, Élisabethville, na mwaka 1966 ukaitwa Lubumbashi, jina la mto uliokuwapo kabla ya wote. Miaka sita baadaye zamu ikawa ya watu. Leo fomu zetu zina nafasi tatu, nom, postnom na prénom, na tunazijaza bila kufikiri kwamba kila nafasi ni kovu la amri fulani.

Hayo yote niliyapeleka kwenye kikao cha familia kabla ya kuondoa matanga. Niliwaeleza kwamba jina wanalolibishania ni la Leving, mtu wa karne ya 12 asiyehusiana nasi. Kwamba lilifunika jina la watu wa kisiwani walioshindwa vitani. Na kwamba chini yake, kama wataalamu wa upande mmoja wamesoma sawasawa, kuna mwana wa mganga. Wazee walinyamaza kidogo. Kisha shangazi, mjane wa marehemu, akasema kwamba kwa miaka yote ya ndoa yao, kitambulisho kiseme nini, yeye alimwita Livi, na kwamba hajasikia mtu akimwuliza.

Fundi alichonga jina la babu kwanza, kwa herufi kubwa. Chini yake akachonga Livingstone. Aliniomba nimwandikie kwenye karatasi asije akakosea, nami nikaandika pamoja na e ya mwisho.